Mgeni Asiye na Mikono

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Duka la Vioo,
S.L.P. 318.

21 Agosti

Mpendwa Binamu,

Pokea salamu zangu, tele kama vipande vya kitambaa chini ya meza ya mama yako. Ningekuamkia, lakini miaka miwili uliyonizidi si umri wa kuamkiwa, ni kuwahi foleni tu. Hujambo huko? Mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa? Unakula, au bado unasema umeshiba na tumboni mna chai peke yake? Mimi mzima wa mwili. Moyo ndio umepinda, na ndiyo maana nimeshika kalamu, kwani kwenye simu ungeanza kunicheka kabla sijafika mbali.

Mama yako hajambo kwa kiasi. Mikono ndiyo ileile. Daktari amesema kule kutetemeka hakutapungua. Tangu mwezi wa nne Shangazi hajaweza kutunga uzi kwenye sindano. Wanafunzi wake wawili wa mwisho waliaga wakisema watarudi, na wewe unaijua hiyo "tutarudi".

Unakumbuka nilivyojitapa mbele yenu? Kabla mikono haijaharibika kabisa tulirekodi masomo ishirini na mawili: pindo, zipu, kola, tundu la kifungo, hadi mkono wa gauni ambao hata mafundi wenye majina huukwepa. Nikasema nitamjengea tovuti, na popote duniani mtu akitafuta wa kumfundisha kushona atamkuta yeye. Mimi, niliyeiacha shule kidato cha pili, nikaijenga kweli. Nisifu hapo hapo, maana mbele hakuna pa kunisifu.

Shangazi alikubali, ila aliweka sharti. Mwisho wa mwezi wa nane ukifika bila hata mwanafunzi mmoja kuja kwa njia hiyo, cherehani kinakwenda kwa fundi jirani. "Siwezi kukaa nakitazama kama kaburi," alisema. Basi kila asubuhi ikawa, "Injinia, wamekuja?" Nami, "Wako njiani, Shangazi." Miezi mitatu watu wako njiani.

Tatizo lilikuwa hili. Ukiuuliza ule mtambo wa kutafutia vitu mtandaoni ukuletee video za kushona, za mama yako hazimo. Za watu wasiojua hata kushika mkasi zimo. Mtambo huo hukuletea ripoti, na ya kwetu ilisema kurasa zimeonekana, video hakuna. Nikailaumu intaneti. Nikailaumu kompyuta, masikini, haina kosa. Kisha nikasoma kwamba masomo yakirundikwa kwenye ukurasa mmoja mtambo haujui lipi ni lipi, basi nikayagawa, kila somo ukurasa wake, jina lake na picha yake ya utangulizi. Siku kumi na mbili za kazi. Ripoti ikarudi vilevile: video hakuna.

Wiki iliyopita ikaonyesha moja. Nikaruka, Binamu. Kuifungua, nikakaa chini. Ilikuwa ile ya majaribio, ambayo Shangazi aliniambia niifute nami nikasahau. Mikono inatetemeka, sindano inaanguka, na yeye anasema, "Zima hiyo, wewe, usinianike." Katika yote tuliyorekodi, dunia imepewa hiyo.

Hapo ndipo nilipouona ujinga wangu. Unajua cherehani cha mama yako hakikai wazi. Akimaliza kazi anakifunika kwa kile kitambaa cha maua ya buluu, na mgeni akitaka kukiona anakifunua mwenyewe. Alitaka na video zikae hivyo. Mimi kwa ufundi wangu nikakipiga picha kitambaa, nikakitandaza juu ya kila somo: mtu akikigusa ndipo kinafunuka, na hapo ndipo video inaletwa. Nilijiona fundi wa mafundi. Kumbe mtambo hupita ukitazama tu, haugusi kitu. Kwenye kurasa ishirini na mbili umeona kitambaa, ukaenda zake. Ile ya majaribio tu ndiyo sikuwa nimeifunika.

Nikamwendea Shangazi mezani kwake, nikamwambia tuviondoe vitambaa.

"Kitu cha thamani hakikai wazi," akanijibu. "Mgeni akitaka kuona, si atafunua?"

Unajua mdomo wangu unavyoitangulia akili. Nikasema, "Shangazi, huyu mgeni hana mikono."

Akaitoa mikono yake juu ya meza, akaificha mapajani, chini ya gauni alilokuwa akilishona mikono ilipomshinda. Sikukusudia, wallahi. Baadaye sana akasema, "Fanya unavyojua." Tangu siku hiyo haniulizi tena kama wamekuja.

Nimeviondoa vitambaa vyote, ile ya majaribio nimeifuta, na nimeuomba mtambo upite tena. Hauna haraka na mtu. Wanasema siku kadhaa, pengine wiki kadhaa, na hakuna mlango wa kubisha hodi wala mtu wa kumlilia. Mwezi umebakiza siku kumi. Hata ukipita kesho, video kuonekana si mwanafunzi kuja. Nimeifukia kazi ya mama yako kwa kitambaa nilichokitandika mwenyewe, nikijipongeza. Na kama kuna kingine nilichoharibu, masomo yale hayarekodiki upya. Mikono ile haipo.

Leo asubuhi nimefungua chumba nikakuta cherehani kiko wazi. Kitambaa kimekunjwa pembe kwa pembe, kimewekwa kitini. Amekikunja yeye, kwa mikono ile, na sijui ilimchukua muda gani. Labda ameamua mgeni aone. Labda anamwandalia fundi jirani aje achukue. Nimeshinda naye kutwa, tumeongea habari za mvua na bei ya vifungo, na mimi ambaye huwa sishindwi neno, hilo moja halikutoka.

Mpigie wewe, tafadhali. Ni mama yako, atakujibu. Muulize kitambaa kimetolewa kwa ajili ya nani, kisha uniambie, hata kama ni jibu baya. Mimi kumtazama usoni sasa siwezi.

Msalimie shemeji, na yule mwanao wa makelele mwambie mjomba wake bado ni mzuri kuliko baba yake. Baba anakusalimu, na Bibi anauliza lini utakuja, ingawa jana pia aliuliza. Mungu akuhifadhi huko uliko, na mikono yako aitulize mpaka uzeeni.

Ndimi nikupendaye, ingawa usoni sitakwambia,

Binamu yako,
Injinia, kama jina hilo bado ni langu.