Programu Iliyobaki Kichwani mwa Odhis

Gatina, Kawangware, Januari 2008

Na nilikuwa nimemwambia Odhis aandike! Ndiye alitutengenezea programu ya wagonjwa hapa kliniki, na maelezo yote yako kichwani mwake. Sasa barabara zimefungwa kwa fujo za uchaguzi. Kichwa kiko Kibera, kompyuta iko na mimi Kawangware.

Leo asubuhi alikuja mama na mtoto mwenye homa. Kuna dawa iliwahi kumfurisha mtoto uso, lakini mama amesahau jina lake. Limo kwenye kompyuta, na kompyuta inataka neno la siri.

Nikampigia Odhis, simu nikaiweka spika ili Daktari asikie.

"Uko salama?"

"Niko chini ya kitanda, lakini niko poa. Andika daktarimkali, yote pamoja."

Daktari akakohoa.

"Sasa bonyeza F7. Itasema imeharibika. Usiiamini, huwa inadanganya. Bonyeza tena."

Faili likafunguka. Tukaiona ile dawa, mtoto akapewa nyingine.

Nimeandika kila hatua nyuma ya bango la kampeni. Naogopa sana. Odhis akipatwa na jambo nitamlilia yeye kwanza, halafu programu. Nadhani.

Jioni nilimsomea karatasi nzima kwa simu.

"Mumbua, hiyo hatua ya kurudi mwanzo bila kuizima kompyuta umeitoa wapi?"

"Nilijaribu tu, ikakubali."

"Basi niwekee kopi. Mimi miaka hii yote nimekuwa nikiizima na kuiwasha."