Shingo ya Minu

Alhamisi, baada ya Isha

Bado mikono inanuka, na nimeinawa kwa sabuni.

Daktari wa wanyama kule Kinanira alisema wazi: paka wetu Minu ana alerji ya moshi wa udi. Kila Alhamisi mama alikuwa anafukiza kanzu ya marehemu baba, Minu analala juu yake, na asubuhi anajikuna shingo mpaka damu. Mama hakutaka kusikia. "Apana, mwanangu. Siyo ugonjwa. Huyu paka anamuona babako."

Nilikasirika. Nikachukua kanzu na chetezo, nikavipeleka kwa shangazi kule Kanyosha. Nikapiga deki chumba cha baba, nikakifunga kwa ufunguo. Minu akaacha kujikuna, manyoya yakaanza kuota. Nilimuonyesha mama, tena kwa kiburi kidogo.

Leo baada ya Magharibi nimesikia mtu anakuna nyuma ya mlango wa baba. Nimefungua. Ametoka Minu, shingo nyekundu kabisa. Sijui aliingiaje, hata dirisha limefungwa.

Nimembeba nimtazame vizuri. Mama akainama, akamnusa. Kisha akasema polepole, "Mi sijafukiza kitu."

Najua hajafukiza. Atafukiza na nini?

Lakini ni udi, tena wa leo. Na haunuki mwili mzima. Ni pale tu chini ya kidevu, mahali baba alipokuwa anamkuna kwa vidole kila jioni.