Kitambaa cha Mama Chini ya Laptop

Peris, huyu Musili wa IT ameniaibisha mbele ya ofisi nzima. Ofisi nzima!

Unajua vile laptop yangu inachemka kama sufuria ya muthokoi jikoni tangu Ijumaa, alipoiwekea ile update. Yeye mwenyewe ndiye aliiweka! Kufungua barua pepe moja sasa ni dakika kumi.

Leo nimemwita aiangalie. Hata hakuigusa. Alivuta kile kitambaa cha maua mama alinifumia, kile huwa naiwekea laptop chini, akakipeperusha juu watu wote waone.

"Nthenya, hii ni laptop ama ni sofa ya mamako? Umeiziba pumzi!"

Sofa ya mamako. Mbele ya watu! Loise wa meza ya kando amecheka mpaka akamwaga chai.

Nikamwambia kitambaa kimekaa hapo miaka miwili na laptop haijawahi kupata moto. Akasema mimi sijui kompyuta, akaenda nacho, eti ni ushahidi.

Sasa ngoja. Bila kitambaa, laptop bado inachemka! Bado inakwama!

Nikaenda ofisini kwake nikiwa nimewaka. Nimempata ameketi na laptop yake mapajani, feni inanguruma kama posho mill ya kusaga mahindi. Kumbe alijiwekea update ile ile.

Na unajua alikuwa ametandika nini mapajani ndio asiungue?

Kitambaa cha mama, Peris.

Nimepiga picha, nikaitupa kwa group ya ofisi. Halafu nikakivuta.

Wacha aungue.