Upele wa Mama Si Sumu

Nyumbani kwa dada yako,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Mjomba,

Niwie radhi nikitanguliza hoja mbele ya salamu: upele uliomtoka mama baada ya dripu ya kwanza si sumu, bali ni dalili kwamba askari wa mwili wake wameamka.

Shikamoo. Natumaini goti lako limepoa. Mama anakula, anashona, na anajikuna mgongo kwa rula ya kupimia vitambaa.

Juzi uliandika kwenye kundi la simu la ukoo: "Dawa gani ya uvimbe inayokwenda kuunguza ngozi? Dada, acha!" Tangu hapo ameikataa dripu ya pili, ambayo ni Alhamisi hii. Nimemfafanulia hadi koo likakauka. Alinijibu huku akitunga uzi: "Shahada yako naiheshimu, mwanangu. Lakini yule nimenyonya naye titi moja."

Basi nakuuliza wewe uliyelinda lango la kiwanda miaka thelathini: mwizi gani alikushinda? Ulitusimulia mwenyewe. Si aliyeruka ukuta, bali mfanyakazi mwenye sare, aliyekuwa akikuambia, "Kaa tu, mzee, mimi wa humu humu." Saratani ya mama ndiyo huyo. Ni seli ya mwili wenyewe iliyoasi. Zipo seli nyeupe za damu, ziitwazo seli T, ambazo hupita zikikagua na kuua zilizoharibika. Lakini uvimbe hujua kuzituliza. Dawa hii haiushambulii uvimbe. Huuziba tu ule mdomo unaosema "kaa tu".

Mlinzi aliyeamshwa hivyo huweza kumkamata hata asiye na hatia. Safari hii amekamata ngozi. Daktari ameukagua upele, akatoa dawa ya kupaka, akasema tarehe ibaki ileile.

Nakiri kwamba si kila mgonjwa hupona kwa dawa hii. Nakiri pia kwamba nilimwahidi mama hatahisi chochote. Hapo nilikosea, na maneno yako yakapata pa kupenyea.

Nisalimie mkaza mjomba na binamu yangu fundi saa. Mungu akuzidishie umri, uzeeke pamoja na dada yako.

Neno lile ulilinena kundini, mbele ya watu arobaini na mmoja. Usinijibu kwa kuninong'oneza. Njoo kundini kabla ya Alhamisi: ama uivunje hoja yangu mbele yao, ama umwambie dada yako aende.

Mpwa wako akupendaye, mbishi kama ulivyomlea.