Ng'ombe wa Mzee Masele

Tereza weee! Kikao cha wazazi kimeisha sasa hivi, mbavu sina!

Si unamjua Mzee Masele, yule Msukuma mfugaji wa Sibwesa? Kaja kumtoa binti yake, Hana, kwenye klabu ya hesabu. Eti, "Hesabu itamsaidia nini mtoto wa kike?"

Eufrazia wetu, mwalimu wa klabu, kaona amwonyeshe faida. Kashika chaki, kauliza mbele ya wazazi wote: "Baba, una ng'ombe wangapi?"

NG'OMBE WANGAPI! Kamuuliza MFUGAJI! Mbele za watu! Idadi ya ng'ombe si hawaitaji, wanaogopa mkosi?

Mzee kachukua fimbo, kasimama aondoke. Eufrazia, mtoto wa wakulima wa mpunga, hajui hata kakosea nini!

Hapo Hana akanyanyuka: "Madam, andika x. Ng'ombe mmoja anakunywa maji lita arobaini kwa siku, kwa hiyo wote ni lita 40x. Baba aweke namba yake kichwani, asituambie."

Mzee kaganda. Kakaa. Kacheka mpaka kofia ikadondoka!

"Kumbe kuna hesabu inatunza siri? Basi abaki. Na mdogo wake mwandikeni."

Kufika mlangoni kageuka, kamnyooshea Eufrazia fimbo: "Ila mwalimu, huyo x msije mkamtafuta!"