Jumamosi ya Kupogoa Chai

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Wiki ya sita ya mazoezi ya kazi. Asubuhi kitalu cha miche ya chai, mchana ripoti. Viatu matope tupu. Barua ya mhadhiri wangu imefika: anakuja kunitazama nikiwafundisha wakulima kupogoa chai. Jumamosi tarehe 17, au Jumatatu inayofuata, nichague mwenyewe. Somo hilo moja ndilo litakaloamua. Nisipofaulu, hakuna digrii.

Jumanne, 6 Agosti
Nimemjibu: Jumamosi. Barua nimeshaitia posta. Mjinga mimi! Kwetu hapa Nyamira kilima kizima ni Wasabato, Jumamosi hawagusi kazi, na baba yangu ndiye mzee wa kanisa. Lakini mwaka wa kwanza chuoni nilikataa mtihani wa Jumamosi, wenzangu wakanibandika jina la "Mchungaji" hadi leo. Mhadhiri alicheka pamoja nao. Sikutaka acheke tena.

Bwana Shamba, mkubwa wangu ofisini, Mkamba, kaniuliza: "Jumamosi? Watu wa huku?" Nikasema watakuja tu, macho makavu kabisa.

Jumapili, 11 Agosti
Nyumba kumi na mbili nimezunguka. Kila mahali ndizi na chai, kila mahali sifa: kijana wetu wa chuo. Nikitaja siku, wananiongezea chai. Mama mmoja akanishika mkono. "Mwanangu, kwani umesahau?" Sijasahau. Ndiyo maana naona aibu.

Alhamisi, 15 Agosti
Nimemwambia baba. Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliuliza tu kama siku inaweza kubadilishwa. Nikasema haiwezekani, tumechelewa.

Uongo. Posta ya Kisii kuna simu. Ningepiga chuoni leo hii na mambo yakaisha. Ila ningelazimika kusema sababu.

Jumamosi, 17 Agosti
Saa nne. Shamba la baba. Mhadhiri na daftari lake, Bwana Shamba, mimi. Mkulima hata mmoja hakuna. Nyimbo za kanisani zinasikika mpaka hapa. Mhadhiri akatazama saa mara tatu.

Kisha baba akatokea njiani. Suti nyeusi, Biblia kwapani. Katoka katikati ya ibada, watu wote wakimwona. Akavua koti, akalikunja, akaweka Biblia juu yake kwenye nyasi, akachukua kisu cha kupogolea. "Haya, mwalimu, nionyeshe."

Mwalimu! Yeye ndiye aliyenifundisha kushika kisu hicho. Nikamwonyesha, kata hapa, hivi. Akakata mashina kumi na manne kama mwanafunzi mtiifu. 

"Mbona umekuja peke yako?" mhadhiri akauliza.

"Wenzangu wamepata wageni," baba akajibu.

Sijawahi kumsikia akidanganya. Siku ya Sabato, kwa ajili yangu.

Jumanne, 27 Agosti
Nimefaulu. Barua imefika, mhadhiri ameandika kwamba wakulima wananiamini. Niliisoma mara moja nikaikunja. Mama amechinja kuku. Sahani yangu nimeirudisha jikoni.

Jumamosi, 31 Agosti
Nimekwenda kanisani, mara ya kwanza tangu mwaka jana. Baba amevuliwa uzee wa kanisa kwa kufanya kazi siku ya Sabato. Uamuzi ulisomwa mbele ya watu wote, naye amesimama, mikono nyuma.

Sasa anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Nilikaa kando yake. Akanisogezea kitabu cha nyimbo, akanionyesha ubeti kwa kidole, kama zamani nilipokuwa mdogo. Habari ya simu ambayo sikupiga bado sijamwambia. Tukaimba.