Duara Kwenye Kioo cha Tangi

Tarehe 4 Machi

Kwako shemeji,

Salamu nyingi kwako na kwa wote walio chini ya paa lako. Goti la mke wako linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila nyumba imekuwa kubwa. Nakuandikia kwa sababu tukipigiana simu tunaishia kulia, na kulia hakujibu swali.

Swali langu ni la tangi la samaki. Siku ya mazishi uliishia barazani, chumba cha mbele hukuingia, kwa hiyo hukuliona. Kaka yako alilikata na kuligundisha mwenyewe, kioo kwa kioo, wakati daktari alishamkataza kunyanyua vitu. Akachanganya maji na chumvi ya bahari, akatia lile jiwe ulilompa. Akasema maji yanataka wiki sita yatulie ndipo samaki waingie. Wiki ya tano tukamzika. Wiki ya sita muuza samaki akagonga mlango, kashika mfuko wa plastiki uliojaa maji. "Mama, mzigo wa Fundi huu." Wawili, rangi ya chungwa, mistari myeupe. Ningewarudishaje?

Sasa kwenye jiwe limeota ua. Shina jembamba, rangi ya chai ya maziwa, na juu nyuzinyuzi kama pindo la shali. Likiguswa linanywea lote ndani ya tundu. Kaka yako ndiye aliyenionyesha. Siku mbili kabla ya kulazwa alichora duara kwa ile kalamu yake nyekundu ya nta, nje ya kioo, mbele ya ua kabisa. Hakusema neno. Unamjua. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na bado alikuwa akipuliza pumzi kwenye dirisha la jikoni na kuandika kwa kidole "sukari imekwisha" ili asifungue mdomo.

Mimi nimelipokea kama zawadi yangu. Kila asubuhi nalilisha kipande cha kamba wa baharini kwa kibanio, na linakula! Je, ninalitunza sawasawa? Wewe ndiye mwenye matangi siku nyingi.

Shemeji yako,
Bi Sindano

*

Tarehe 15 Machi

Kwako Bi Sindano,

Nashukuru kwa salamu. Goti limetulia, linasumbua tu likiona ngazi. Natumaini unakula. Najua wewe ukiwa peke yako unakunywa chai mara tatu na kuiita chakula.

Shemeji, acha kulilisha leo hii. Hilo si ua, ni mnyama. Wenye matangi humwita anemoni. Wapo wazuri wa kufuga, lakini huyo wako ni gugu. Anachoma samaki, na akishiba anazaa. Tafadhali usimkate wala usimkwangue, maana kila kipande chake kinageuka mzima.

Fanya hivi. Zima pampu. Kamua limau, chuja, yavute maji yake kwa bomba la sindano, kisha umlenge mdomoni, polepole, kabla hajanywea. Kama wameshazaana, watatu au wanne kwa siku, wasizidi, maji yasije yakachafuka. Sindano unaijua, sina wasiwasi.

Naandika kwa haraka, nisamehe.

Shemeji yako

*

Tarehe 22 Machi

Kwako shemeji,

Hamjambo? Mimi sijambo, samaki ndio wana jambo.

Barua yako imefika jana. Mimi nilikata siku ya Jumapili.

Nilimkuta samaki mmoja kajibanza pembeni, ubavuni ana alama nyeupe kama aliyepigwa pasi. Nikajua ni ua lile. Unajua mafunzo yetu sisi washonaji: uzi ukichomoza, usiuvute, ukate mzizini. Nikachukua mkasi mdogo wa nyuzi, nikautia majini, nikakata. Halafu nikakata na vile vipande vilivyokuwa vikielea, ili viwe vidogo visidhuru. Nilijiona fundi kwelikweli. Leo nimehesabu arobaini na mmoja, nikaacha kuhesabu. Cheka tu, hata mimi nimecheka kidogo, halafu nikakaa chini.

Muuza samaki kaja kuangalia, kashika kiuno. "Mama, dawa ya hapa ni moja. Toa jiwe, lichemshe, ulitupe." Nikamwambia asante, nikamfungulia mlango.

Shemeji, jiwe lile alilitia kwa mkono wake. Alikunja mkono wa lile shati la bluu hadi begani, na bado maji yakalifikia. Alilizungusha mara kumi na moja, mara uso huu, mara uso ule, akiniuliza mimi niliyekaa kwenye cherehani: "Hivi? Au hivi?" Na mimi nilikuwa na gauni la mtu la haraka, nikajibu bila kuinua kichwa: "Hivyo hivyo." Ningeinua kichwa. Nikilitoa sitaweza kulirudisha alivyoliweka.

Nimeanza na limau, lakini nambie kweli: nilichemshe? Na kitu kingine. Juu ya duara hukusema chochote, na wewe si mtu wa kukosa la kusema.

Shemeji yako,
Bi Sindano

*

Tarehe 5 Aprili

Kwako shemeji,

Natumaini u mzima, na samaki ubavu umepona. Sisi tupo. Barua hii nimeiandika mara tatu.

Ulikuwepo siku mimi na kaka tuliporudi karakana yetu ya vioo na kile kioo kikubwa cha duka la viatu kikiwa vipande. Tulikibeba wawili, kikaanguka katikati yetu, kila mmoja akasema mwenzake ndiye aliyeachia kwanza. Miaka tisa hatukusemezana kwa sababu ya kioo kile. Shemeji, ni mimi niliyeachia. Mkono ulikufa ganzi, nikaona aibu.

Aliposikia ninafuga samaki wa maji ya chumvi, akaja mwenyewe hadi mlangoni kwangu, anakohoa. Hakutaja kioo. Akasema, "Nami nataka kuunda tangi. Nianze na nini?" Nikashindwa kusema la moyoni, nikampa jiwe. Jiwe bora kuliko yote niliyokuwa nayo. Nikalitia kwenye ndoo, nikafunika kwa gunia bichi, na wakati nafunika nikamwona yule mdudu, mdogo kama punje ya mchele. Nikanyamaza. Nilisema moyoni, leo ndugu yangu kaja, nitampaje zawadi halafu nimwambie ina ugonjwa? Nitamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikasogea na kusogea, hadi ikawa wiki ya mazishi. Ndiyo maana sikuingia chumba cha mbele.

Sasa duara. Wewe ulishona, hukukaa karakana kwetu. Kwetu duara jekundu ni kasoro. Unachora pale ulipoona povu au mkwaruzo ndani ya kioo. Duara tupu maana yake: kioo kibovu, kirudi kilikotoka. Duara lenye mkia unaoshuka chini maana yake: nimeiona, nitaimaliza mwenyewe hapa hapa, aliyekileta asiambiwe. Na kasoro ikiisha, alama hufutwa kwa kitambaa kikavu, mwenzako akiwa anatazama.

Alijua, basi. Nitazamie: lina mkia? Kama ni tupu, lichemshe jiwe ulitupe, na mimi nitakuwa nimejibiwa.

Shemeji yako

*

Tarehe 18 Mei

Kwako shemeji,

Habari za siku nyingi? Huku wote wazima, mke wangu anakusalimu.

Wiki sita sijapata neno. Siulizi juu ya jiwe. Nauliza kama unakula.

Shemeji yako

*

Tarehe 2 Juni

Kwako shemeji,

Nakula. Jana nilipika chungu kizima, nikagawa nusu kwa majirani. Mwambie mke wako salamu zimefika, na goti alipake mafuta ya moto.

Usidhani nilinuna. Niliogopa. Unakumbuka mazoea yangu, sikubali kitu kikae uchi ndani ya nyumba hii. Redio ina kitambaa, jagi lina kitambaa. Tangi nalo nililishonea pindo jeupe kulizunguka chini, na duara liko pale pale pindo linapoanzia. Kama lina mkia, uko nyuma ya kitambaa changu. Ni kuinua tu kwa kidole. Sikuweza. Likiwa tupu, wewe hukusamehewa, na mimi naishi na jiwe alilolikataa. Kila asubuhi niliwapa samaki chakula, nikadunga watatu wanne kwa limau, nikapita bila kutazama chini.

Muuza samaki alinionea huruma, akaniletea kamba wawili wenye mistari myekundu. Kumbe hawa ndio walaji wa wale wadudu. Mchana wanajificha kama mafundi waliochukua malipo ya awali, giza likiingia wanafanya kazi. Samaki amepona, amebaki na baka. Jumamosi nilitafuta wale arobaini na wenzao, nikampata mmoja tu: yule wa kwanza, kwenye tundu lake, ndani ya duara. Amechipua upya, amejaa tele, kamba hawamwezi kwa ukubwa.

Ndipo nikainua kitambaa.

Shemeji, lina mkia. Mrefu, umenyooka hadi kwenye gundi, kama wa mtu aliyetaka uonekane. Mimi ndiye niliyeufunika.

Nilikaa pale kwenye kiti cha cherehani nikalia, kisha nikaona wivu kidogo, nakwambia ukweli. Wiki zile zote nililisha ua nikidhani ni langu. Halikuwa langu. Lilikuwa neno lake kwako.

Jiwe sijalitoa. Lipo "hivyo hivyo" alivyoliweka. Na yule mmoja aliyebaki sijamgusa, nimekuachia wewe. Bomba nimelichemsha, malimau yapo kwenye kapu, na kitambaa kikavu nimekukatia kutoka kwenye mkono wa lile shati la bluu. Lakini mnasema alama haifutwi bila mwenzako kutazama. Mwenzako wa karakana hayupo. Nitakaa mimi pale alipokuwa akisimama, na safari hii nitainua kichwa. Mkasi nimeuficha.

Usiishie barazani.

Shemeji yako,
Bi Sindano